Nakaribia miaka 30 na sina kitu: je, hofu hii ni udhaifu wa imani?

SWALI

Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni kijana wa Tanga, na inshaallah mwezi wa Shaabani natimiza miaka 30. Nina stashahada ya ualimu, ajira bado, kwa hiyo nauza kava na chaja za simu karibu na stendi. Mdogo wangu ameshaoa. Niliosoma nao wengine wanajenga, na kila nikifungua simu nakutana na picha zao. Kuna binti tumependana na nia yetu ni njema, ila kwao wanataka mahari kubwa na sherehe ya ukumbini. Usiku nashtuka saa tisa, moyo unakwenda mbio, naona umri umeniacha. Mama anasikitika, na jirani amemwambia nimefungwa nyota, nipelekwe kwa mtaalamu nikafunguliwe. Nauliza: hofu hii ni udhaifu wa imani? Nikifika thelathini mikono mitupu, ndiyo riziki yangu imeishia hapo? Na ipo dua ya kusoma?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Swalla Allahu alayhi wa sallam, na jamaa zake na masahaba zake.

Mwanangu, nianze na la jirani, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukuharibia dini. Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi aliyoipokea Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi kwa masiku arobaini. Hapo ni kuuliza tu, bado hajamsadiki. Na huyo atakayekwambia umefungwa, neno lake la pili litakuwa bei ya kukufungua. Nyota ya mwanadamu haifungwi. Mwambie mama hivyo kwa upole, ukiwa umekaa naye, wala usimkemee, maana kilichomfikisha hapo ni uchungu wa mzazi.

Sasa hii thelathini inayokukosesha usingizi. Mwenyezi Mungu hakuweka popote kwamba mja akifika miaka thelathini awe ameoa, amejenga na ameajiriwa. Umri uliotajwa waziwazi katika Qur'ani, Sura ya Al-Ahqaf aya ya 15, ni miaka arobaini. Na mja anayesifiwa pale, akifika huo umri, anamwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyompa yeye na wazazi wake, atende mema yanayomridhisha, na amtengenezee kizazi chake. Thelathini nayo imo katika aya hiyohiyo, lakini ni miezi: miezi thelathini ya mama kukubeba na kukunyonyesha hadi kukuachisha ziwa. Kwa hiyo ukiisikia thelathini, mkumbuke kwanza yeye.

Iko pia hadithi ya Muadh bin Jabal, aliyoipokea Tirmidhi, kwamba watu wa Peponi wataingia wakiwa vijana, macho yao yana wanja, umri wao miaka thelathini au thelathini na tatu. Mzee wa miaka themanini na yule aliyefariki akiwa ameinama kwa maradhi, wote wanarudishwa kwenye umri huo. Umri unaouogopa wewe ndio Mola aliowachagulia watu wake wa milele. Nguvu ulizonazo leo, za kuamka alfajiri, kubeba mzigo wako na kusimama juani hadi jioni, ni mali ambayo mtu wa miaka sabini angeilipia kwa nyumba yake.

Umeuliza kama hofu ni udhaifu wa imani. Hapana. Nabii Musa alitoka Misri, kama inavyosema Sura ya Al-Qasas, akiwa na hofu, akiangalia huku na huku. Tafadhali isome sura hiyo kuanzia aya ya 20 hadi ya 28, uisome taratibu, kwa sababu ndani yake nakuona wewe. Alifika Madyana hana nyumba, hana kazi, hana mke, na nyuma yake kuna watu wanataka kumuua. Akakuta wachungaji wamejaa kisimani na mabinti wawili wamekaa pembeni wanazuia wanyama wao. Hakusema "mimi mwenyewe nina yangu". Akawanyweshea wanyama wao, kisha akarudi kivulini, na hapo ndipo akaomba: "Rabbi inni limaa anzalta ilayya min khayrin faqiir", yaani, Mola wangu, mimi ni mhitaji wa kheri yoyote utakayoniteremshia.

Hakutaja mke wala kazi, wala hakumpangia Mwenyezi Mungu muda. Aya inayofuata tu, mmoja wa wale mabinti anamjia kwa haya kumwita kwa baba yake. Kilichofuata ni chakula, makazi, mke, na ajira ya miaka minane au kumi. Ajira yenyewe ilikuwa ya kuchunga wanyama, na ndiyo iliyokuwa mahari yake. Mtu aliyelelewa katika jumba la Firauni! Nasi tunamdharau kijana kwa kuwa anauza chaja stendi, na hali kazi yake ni ya halali na hamuombi mtu.

Kuhusu riziki, hadithi ya Ibn Masud katika Bukhari na Muslim inatueleza kwamba malaika huamrishwa kuandika riziki ya mtu, ajali yake (yaani muda wake wa kufa), amali yake, na kama atakuwa wa maangamivu au wa furaha, naye bado yumo tumboni mwa mama yake. Iliyoandikwa ni riziki yako yote hadi pumzi ya mwisho. Aliyekwambia kwamba hesabu yake inafungwa ukifika thelathini ni shetani, au ni hizo picha za kwenye simu. Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, ili tusidharau neema tuliyopewa. Simu inatufanyisha kinyume chake tangu asubuhi hadi tunalala. Nakushauri uyazime makundi ya kwenye simu unakoziona picha hizo kwa muda, hasa usiku. Hukati undugu na mtu kwa kutotazama msingi wa nyumba yake.

Na usidhani mlango wa elimu au kazi mpya umefungwa. Sisi wa mwambao huu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi'i. Katika nguzo za madhehebu hayo yumo Abu Bakr al-Qaffal wa mji wa Marw, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Alikuwa fundi wa makufuli, hodari kiasi cha kutengeneza kufuli na ufunguo wake vyenye uzito wa punje nne. Alianza kusoma fiqhi akiwa na miaka thelathini, naye akawa kiongozi wa wanavyuoni wa Kishafi'i katika Khurasani. Wewe ualimu unao tayari. Hata madarasa ya jioni kwa watoto wa mtaani kwenu yanakuweka karibu na fani yako wakati unasubiri.

Ile saa tisa ya usiku unayoshtuka iko katika theluthi ya mwisho ya usiku. Ni wakati ambao Mola wetu husema, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim: nani ananiomba nimjibu, nani ananitaka nimpe. Ukishtuka usiiguse simu. Tawadha, sali rakaa mbili, na katika sijda umlalamikie Yeye kwa Kiswahili chako cha Tanga, kisha urudi kulala. Dua aliyokuwa akiikithirisha Mtume, kwa mapokezi ya Anas, ni hii: "Allahumma inni a'udhu bika minal-hammi wal-hazan, wal-'ajzi wal-kasal, wal-bukhli wal-jubn, wa dhala'id-dayni wa ghalabatir-rijaal." Unajikinga kwa Mwenyezi Mungu na wasiwasi na huzuni, kushindwa na uvivu, ubakhili na woga, uzito wa deni na kuonewa na watu. Isome asubuhi na jioni.

Lakini ikiwa moyo unaendelea kwenda mbio, chakula hakipiti na mambo yanazidi wiki baada ya wiki, nenda hospitali ukamweleze daktari yote. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na maradhi ya wasiwasi ni maradhi. Hakuna aibu ndani yake.

Lililobaki ni la binti, na hapa nasema na wazee pia. Aya ya 32 ya Sura ya An-Nur inasema "waozeni" wasio na wenza miongoni mwenu, na kwamba wakiwa mafakiri Mwenyezi Mungu atawatajirisha kwa fadhila zake. Amri hiyo wanaambiwa walii, yaani wasimamizi wa ndoa, na jamii. Wale wanaomuuliza kijana kila Idi "unaoa lini?" ndio walioamrishwa kumsaidia aoe. Mtume alimwambia mtu asiye na kitu atafute walau pete ya chuma; alipoikosa, akamwozesha kwa sura za Qur'ani alizokuwa amezihifadhi. Mahari ni haki ya binti, siipunguzi hata senti. Ukumbi, sare na kamati za michango si haki ya mtu yeyote. Mkosefu katika hilo si wewe.

Usiende mwenyewe kubishana na baba yake. Tafuta mshenga mwenye heshima, ikiwezekana imamu wa msikiti wenu, awaeleze kipato chako kama kilivyo, bila kuongeza. Aombe mahari ambayo binti mwenyewe ataridhia, na walima wa nyumbani. Hadi hapo jizuieni na faragha na ujumbe wa usiku, na ukizidiwa na matamanio, funga saumu. Kama mzee atakataa kabisa na kukutajia fedha tu, niandikie tena, kwa sababu suala la walii anayezuia ndoa bila sababu ya kisharia lina hukumu zake.

Wallahu a'lam.