Risasi ya pili inapanda juu: swali kuhusu bunduki yenye mtutu wa raifo na wa shotgani

SWALI

Fundi, habari za kazi. Mimi ni daktari wa mifugo mstaafu, nina shamba Kiruhura, magharibi mwa Uganda. Nimerithi bunduki ya marehemu baba, na cheti tayari kiko kwa jina langu. Ni ya kukunjwa katikati, ina mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Wa juu ni wa marisaa, yaani shotgani, namba 12. Wa chini, wa raifo, umeandikwa 7x57R. Nimeijaribu kwenye shabaha ya mita 100. Risasi ya kwanza ilipiga katikati kabisa. Ya pili ilipanda kama sentimita 5, ya tatu kama 11, ya nne ikatoboa juu karibu na ukingo wa karatasi. Zote nilizipiga ndani ya dakika mbili tatu. Rafiki yangu aliyekuwa jeshini anasema mtutu umekwisha, niachane nayo. Je, ni kweli? Pia nataka kujua kama naweza kutumia risasi za marisaa zenye ganda la urefu wa milimita 70, maana ndizo ninazoziona siku hizi.

JIBU

Daktari, usiachane nayo. Hiyo bunduki haiumwi. Rafiki yako namheshimu, na mimi pia nimekula posho ya jeshi miaka mingi nikiwa fundi wa silaha, lakini aliyezoea SMG, ile ya kijeshi ya mtutu mmoja, huipima kila bunduki kwa SMG. Mtutu uliokwisha hutawanya: risasi moja kushoto, nyingine chini, nyingine kulia, na wakati mwingine tundu kwenye karatasi linakuwa la mviringo mrefu kwa sababu risasi imefika ikiwa imelala ubavu. Zako zimepanda kama mtu anayepanda ngazi, kipandio kwa kipandio, katika mstari mmoja. Hilo lina sababu nyingine, nayo ni joto.

Tazama jinsi mitutu hiyo ilivyounganishwa. Imelehemiwa pamoja kuanzia nyuma hadi mdomoni, na kati yake kuna vipande vyembamba vya chuma vilivyolehemiwa vilevile. Ukipiga mtutu wa chini, huo peke yake ndio unaopata moto. Chuma chenye moto hurefuka. Wa juu bado ni baridi, haujarefuka, na hauwezi kumwachia mwenzake aende mbele kwa sababu wamefungwa pamoja. Basi kinachobaki ni kupinda: upande uliorefuka unaukunja mdomo kuelekea upande uliobaki mfupi, yaani juu.

Nikufanyie hesabu ya kukadiria. Chukua mtutu wa sentimita 60 uliopanda joto kwa nyuzi 2 tu baada ya risasi moja. Chuma cha pua hurefuka takriban sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mtutu umerefuka kama milimita 0.014. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko hapo. Lakini vitovu vya mitutu yako miwili vimeachana kama milimita 25 hivi, na ukigawanya utaona mdomo umeinuka kwa pembe ambayo, ikifika mita 100, imekuwa karibu sentimita 6. Risasi ya pili inapiga hapo. Kabla joto halijatoka unapiga ya tatu, nyuzi zinaongezeka, nayo inapanda tena. Linganisha na karatasi yako. Ningeshangaa kama zisingepanda.

Mwenye bunduki ambayo mtutu wa risasi uko juu, kama Savage Model 24 ya Marekani yenye .22 juu na marisaa chini, angetegemea kuona kinyume, risasi zikishuka, ingawa .22 ndogo haitoi joto la kumsumbua mtu. Na zipo ambazo mitutu yake haikulehemiwa hadi mwisho. Baikal IZH-94 ya Urusi ni mojawapo: ina sehemu ya kurekebishia mitutu pale mdomoni.

Kwa nini basi mtu atengeneze bunduki ya namna hiyo? Kwa sababu hakuitengeneza kwa ajili ya risasi nne. Asili yake ni Ulaya ya kati, kwa mlinzi wa msitu anayetembea asubuhi bila kujua atakutana na sungura au swala. Mnyama mdogo au ndege, marisaa. Mkubwa, risasi moja. Baada ya hapo anakunja bunduki, anaweka nyingine polepole, na kwa kawaida hana haja nayo. Ukitaka bunduki ya kupiga kumi mfululizo, nunua ya bolti yenye mtutu mmoja ulio huru.

Kwa hiyo rekebisha macho ya bunduki yako, yaani vilengeo, kwa risasi ya kwanza, ya mtutu baridi. Hiyo ndiyo utakayoipiga siku yenyewe. Nenda alfajiri, kabla jua la Ankole halijakolea. Tandika mfuko wa mchanga, uegemeze ule mti wa mbele unaoshikwa kwa mkono wa kushoto. Usiegemeze mitutu yenyewe juu ya kitu kigumu, itaruka. Piga moja. Ikunje, toa ganda, iache wazi kivulini kwa dakika 10 au 15. Shika mitutu yote miwili kwa kiganja: ukihisi wa chini bado una uvuguvugu kuliko wa juu, subiri tena. Kisha piga ya pili. Risasi tatu zitakula karibu saa nzima, na ni vizuri uwe na chupa ya chai. Ukimaliza, ndipo usogeze macho kulingana na mahali tatu hizo zilipokaa.

Siku nyingine, piga mbili za harakaharaka kwa makusudi, uandike ya pili inapanda kiasi gani. Kwa mita 50 itakuwa nusu ya unavyoona kwa mita 100. Ukijua namba hiyo, risasi ya pili haitakushangaza.

Na jua nalo uliangalie. Bunduki iliyolazwa juu ya boneti ya gari, mtutu wa juu ukichomwa na jua na wa chini ukiwa kivulini, itapinda kinyume na nilivyoeleza, na risasi ya kwanza itakwenda chini. Nimeona watu wakilaumu darubini kwa kosa hilo.

Bado nataka ukague mambo mawili kabla hujaniamini moja kwa moja. Kwanza lehemu. Hakikisha bunduki ni tupu, ivue mitutu, itundike kwa kidole kimoja kwenye ile ndoano ya chini, kisha uigonge kwa kipande cha mti mkavu. Lehemu nzima hulia kama kengele ndogo, mlio unabaki hewani. Lehemu iliyoachia hutoa sauti ya debe lenye ufa, au unasikia kitu kinavuma ndani. Ikilia hivyo usiipige tena, ipeleke kwa fundi. Pili, komeo, yaani sehemu inayoifunga mitutu kwa nyuma. Irudishie mitutu, toa ule mti wa mbele, shika shingo ya kitako na uitikise. Ikicheza, au ukiona mwanga kati ya nyuma ya mitutu na uso wa komeo, hilo ni tatizo la kweli.

Sasa marisaa ya milimita 70. Hapa sikubali wala sikatai mpaka usome maandishi. Ukivua mitutu, igeuze: kwenye bapa lililo chini, nyuma, kuna mihuri ya majaribio. Ukikuta 12/70, endelea. Ukikuta 65, acha. Bunduki nyingi za zamani za Ulaya zilitobolewa kwa ganda la 65. Kinachowadanganya watu ni kwamba risasi ya 70 itaingia humo na bunduki itajifunga vizuri kabisa, kwa sababu kipimo hicho ni cha ganda likiwa limekwisha kufunguka. Likiwa bado limekunjwa mdomo ni fupi. Ukipiga, mdomo wake unafunguka ndani ya sehemu nyembamba ya mtutu, njia ya marisaa inabanwa, na msukumo wa baruti unapanda. Bunduki inaweza kustahimili mara ishirini, isistahimili ya ishirini na moja.

Pia usiweke risasi za namba 20 mfuko mmoja na za 12. Ya 20 ni nyembamba zaidi, hupenya chumba cha risasi cha 12, inakwama mbele, mtu anaona chumba kitupu, anaweka ya 12 nyuma yake. Ndiyo sababu za 20 kwa desturi hutengenezwa za manjano.

Upande wa chini, ile herufi R ni ukingo wa ganda. Kitoa ganda cha bunduki yako hushika ukingo huo. 7x57 isiyo na R ni ya bunduki za bolti. Kwako haitashikwa sawasawa wala haitatoka sawasawa. Ukoo wa risasi hiyo ni mzuri, ndio ule mwindaji Walter Bell aliowindia ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la .275 Rigby, lakini mambo yale ya Bell usiyajaribu.

Hukuniuliza kuhusu vifyatulio, nami nitakuambia tu. Una viwili. Kabla ya kitu kingine, weka risasi bandia za mazoezi na ujifunze kipi ni cha mtutu upi, mpaka kidole kijue chenyewe. Mimi mwaka wangu wa kwanza na bunduki kama hiyo nililenga kanga waliokuwa wakivuka njia, nikavuta cha mbele nikidhani ni marisaa. Ilitoka risasi. Kanga hawakupata kitu, mimi nilipata jasho, maana nyuma yao kulikuwa na mteremko na boma la mtu. Marisaa madogo hayafiki mita 300. Risasi ya milimita 7 hupita kilomita 3. Wewe una ng'ombe wenye pembe ndefu kila upande, kwa hiyo usiivute mpaka uone udongo utakaoipokea.

Kifyatulio cha mbele jaribu kukisukuma mbele bunduki ikiwa tupu. Kikilia "tik", kimetegwa, na sasa kinahitaji mguso wa unyoya. Ukikitega na ukaghairi kupiga, kwanza kunja bunduki na utoe risasi, ndipo ukiguse.

Kuhusu sheria ni kifupi. Cheti unacho, hilo ndilo takwa la sheria ya silaha ya 1970. Lakini cheti hakikupi mnyama. Wanyamapori wa Uganda, hata wale wanaolala shambani kwako, serikali inawashikilia kwa niaba ya wananchi, na uwindaji wa kulipia uliorudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kwenye mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo ulikuja kwa kibali cha mamlaka ya wanyamapori, UWA. Shabaha ya karatasi ipige; zaidi ya hapo, uliza ofisi yao kwanza.

Ukimaliza zile risasi tatu za asubuhi, nitumie picha ya karatasi na nyingine ya mihuri iliyo chini ya mitutu, ipigwe ikiwa na mwanga wa kutoka ubavuni ili maandishi yaonekane. Hapo nitakuambia ununue marisaa gani.