Barua kwa mwanangu: nenda Leipzig, usinisubiri

Mama angu,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Umeniuliza uende Leipzig, Ujerumani, peke yako mwezi wa tisa au usubiri mwakani twende wote, na ukifika ufikie kwa mke wa mjomba wakati hajawahi kukuona zaidi ya kwenye simu. Nakujibu kwa kuandika maana nikikupigia utanikatisha na mi ntasahau nusu. Nenda. Nenda peke yako, usinisubiri, haya magoti ngazi za kanisani tu ni shughuli, sasa nije nikuburuze kwenye matreni ya watu ya nini. Na kwa wifi yangu fikia, ila siyo usiku wa kwanza.

Hilo la peke yako lisikutishe. Mimi nilienda 1986 nina miaka 21, Dar yenyewe niliiona siku ileile ya kupanda ndege. Enzi hizo ni Ujerumani Mashariki, walitupa skolashipu, ukifika unapelekwa Herder-Institut unasomeshwa Kijerumani karibu mwaka mzima kabla hujagusa masomo yenyewe. Wiki ya pili mwalimu akasema Jumamosi kuna safari ya darasa, tukutane stesheni "halb acht". Mi najua halb ni nusu, acht ni nane, basi nikapiga hesabu zangu, nane na nusu yao ndo saa mbili na nusu asubuhi kwetu, nikalala vizuri kabisa. Kumbe wenzetu wakisema hivyo wanamaanisha nusu ya kuiendea nane, yaani saa moja na nusu. Nikafika stesheni ile kubwa ya tangu 1915, mapaa yake ukiangalia juu shingo inauma, nimeshika mkate wangu na yai la kuchemsha nimefunga kwenye karatasi, darasa lina saa nzima limeondoka. Nililia hapo jukwaani aisee. Na watu wa Saxony, jimbo lenye Leipzig, wana lao zaidi, wanasema "viertel acht", robo nane, we utadhani ni saa mbili na robo kumbe ni saa moja na robo. Kwaio mtu yeyote akikutajia muda mwambie akuandikie kwa namba, usione aibu.

Sasa kwa nini nasema usifikie kwa wifi siku ya kwanza. Ukitua Frankfurt treni iko hapohapo kiwanjani, Leipzig ni masaa matatu na kitu, tiketi kata mapema ndo bei inakuwa nafuu. Utafika umechoka, unanuka ndege, hujui hata choo cha stesheni ni cha kulipia. Ukimwangukia mtu katika hali hiyo anakuwa mama yako badala ya kuwa mwenyeji wako, na mtakaa hivyo mpaka unaondoka. Lala hosteli usiku mbili, oga, zunguka, potea kidogo, alafu siku ya tatu nenda kwake na saa mliyokubaliana, siyo dakika kumi baadae wala siyo kabla. Hodi za kushtukiza kule hakuna.

Na atakuuliza "unaondoka lini?" Nakwambia mapema maana mimi iliniuma, mara ya kwanza nimekaribishwa kwa wazazi wake sijamaliza hata chai nikaulizwa narudi bwenini saa ngapi, nikavaa koti nikaondoka. Kwetu ukimuuliza mgeni hivyo umemfukuza. Kumbe mama wa watu anataka kujua apike cha watu wangapi usiku. Kaka, yaani mjomba wako, ndo alinielewesha, tena alicheka mpaka akakohoa. We mtajie tarehe tu, atafurahi, ataandika kwenye kalenda ya jikoni.

Visa usiiache dakika za mwisho. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada ni euro 90, bima ya safari isiwe chini ya euro 30,000. Wifi amejitolea kwenda kusaini serikalini kwao kwamba atakugharimia, mi nimekataa. Una mshahara wako, peleka karatasi za benki na barua ya kazini, mwaliko wake uwe wa kuonyesha tu kwamba kuna ndugu. Ukiingia kwa hela zako unakaa kwa raha zako.

Mizigo sasa, maana ukoo ukishasikia unasafiri kila mtu atakuletea kifuko. Kataa nyama kavu, kataa jibini, hivyo havipiti. Maembe na parachichi zinataka cheti cha mimea. Ndizi zinaruhusiwa lakini utabeba ndizi mpaka Ulaya kwa sababu gani hasa? Beba kahawa. Kilo tatu za kahawa ya kihambani kwetu, iliyokaangwa, watu wa Saxony kwa kahawa wana sifa mpaka wenzao wanawatania. Na adapta usisahau, chaja yako ya pini tatu haiingii.

Mengine utajifunza mwenyewe. Jumapili maduka karibu yote yanafungwa, chakula nunua Jumamosi. Chupa ya plastiki usitupe, ina senti 25 zako ndani, rudisha kwenye mashine dukani. Tiketi ya tramu ya karatasi angalia kama inatakiwa kugongwa muhuri, faini ni euro 60 na mkaguzi hajali kwamba we mgeni.

Mjini utaona mambo mengi yanatuhusu kuliko unavyodhani. Wamisionari waliokuja Kilimanjaro 1893 walitumwa na misheni ya hukohuko Leipzig, ndo maana bibi yako alikuwa akisikia "Leipzig" anajua ni jina la kanisa, nilipomwambia naenda Leipzig akauliza sasa si uko nayo hapa? Na Hans Meyer, yule aliyefika kilele cha Kilimanjaro 1889, wanayesimulia kwamba aliongozwa na Lauwo wa Marangu, ni mchapishaji wa vitabu wa mji huohuo, jiwe la kileleni alilivunja akaenda kumpa Kaisari. Kanisa la Nikolaikirche pita pia, ndo watu walipoanzia maandamano ya Jumatatu ya kupinga serikali, tarehe 9 Oktoba 1989 walitoka kama elfu 70, sisi wanafunzi wa kigeni tulikatazwa kutoka bwenini, tukakaa dirishani tumezima taa.

Ila sababu ya kukuharakisha siyo hayo.

Mjomba wako alifariki Februari 2008. Nikaenda kuomba visa ya msiba, ofisi ikanirudisha karatasi ya benki haitoshi, nikaleta nyingine, wakataka na cheti cha kuzaliwa cha kuonyesha kwamba marehemu ni kaka yangu kweli, jibu likatoka siku tisa baada ya kuzikwa. Pasipoti ile ninayo bado na visa yake haijatumika. Sasa kule kaburi hulimiliki, unalikodi. La kwake ni la miaka 20, lile la safu ambalo haliongezwi muda, na wifi kaniambia 2028 linaisha, jiwe linaondolewa, pale atakuja kulala mtu mwingine. Mimi mpaka leo siwezi kulizoea hilo, mtu azikwe kwa mkataba kama chumba cha kupanga.

Yuko makaburi ya Südfriedhof. Panda tramu namba 15 pale stesheni, utaona ule mnara mkubwa mweusi wa vita vya Napoleon, mita 91, huwezi kuukosa, makaburi yako nyuma yake. Wifi atakupeleka.

Nilitaka nikupe jani la sale, ule mmea wetu Wachaga wa kuombea msamaha, ulipeleke, tena nilishaenda kulikata mpakani mwa shamba la babu, nikaambiwa jani bichi halivuki bila cheti. Nikamwambia wifi kwenye simu kwa masikitiko, akaniambia ngoja, akageuza kamera. Kwenye kona ya sebule, chungu cha bluu, sale limesimama linagusa dari! Anasema alilinunua duka la maua miaka ya tisini kama pambo tu, na kaka siku hiyo alirudi kazini akasimama mlangoni na koti lake akacheka peke yake, hakumwambia kwa nini.

Basi muombe jani moja. Funga fundo kama nilivyokuonyesha siku ya msiba wa babu, uliweke pale, useme nimelituma mimi. Kichaga chako nakijua kilivyo kwaio maneno ntakurekodia, we utacheza tu kwenye simu, weka sauti ndogo maana kule makaburini hawapendi kelele.

Mama