Rapa mkongwe au rapa kikongwe?

SWALI: Najifunza utangazaji hapa Mtwara. Kwenye kipindi cha muziki nilimtaja E-40 wa Vallejo, California, kuwa "rapa kikongwe" ambaye albamu yake ya mwaka 2006, My Ghetto Report Card, iliutoa mtindo wa rap uitwao hyphy kwenye Ghuba ya San Francisco ukasikika Marekani nzima. Shangazi yangu akaniuliza, "Huyo anachana huku kashika mkongojo?" Mbona tunasema "chama kikongwe" na hakuna anayecheka?

JIBU: Shangazi yako ana sikio zuri, mwanangu. Mwambie nimemsalimu.

Mzizi ni mmoja, -kongwe, yaani -a siku nyingi. Katika "chama kikongwe", ki- imekuja kupatanisha sifa na jina tu, maana chama kimo katika ngeli ya KI-VI. Badilisha jina uone: mkorosho mkongwe, ngoma kongwe, mji mkongwe wa Mikindani.

Rapa ni mtu, na sifa ya mtu hufuata A-WA: rapa mkongwe. Ukitia ki- hapo, hakuna inachopatanisha. Msikilizaji analisikia jina zima, kikongwe, mtu aliyezeeka sana hata nguvu zimemwishia. Jina hilo ni ndugu wa kipofu, kiziwi na kijana: yote yana ki- mwanzoni, ila tunasema "kikongwe huyu amefika", hatusemi "kikongwe hiki kimefika". Ndiyo maana "bibi kikongwe" haina kasoro. Ni majina mawili yaliyokaa pamoja, na bibi kweli ni mzee.

E-40 je? Alizaliwa mwaka 1967, kwa hiyo albamu hiyo ilipotoka Machi 2006 alikuwa na miaka 38. Shangazi alikuwa na haki ya kuuliza mkongojo umetoka wapi! Lakini alikuwa akichana tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na ukongwe wa msanii huhesabiwa kwa miaka ya kazi. Mimi nalipenda sana neno hili katika habari yako, kwa sababu ukongwe wake ndio uliofungua mlango: hyphy ilikuwa tayari mitaani Oakland na Vallejo, naye akaibeba kwa jina lililokwisha kujulikana mbali. Kwenye wimbo "Tell Me When to Go" alimshirikisha rapa mwenzake Keak da Sneak, anayetajwa kuwa ndiye aliyelianzisha neno lenyewe hyphy. Ukisema "kikongwe", yote hayo yanapotea, anabaki mzee aliyechoka.

Angalia na wingi, maana hapo watangazaji wengi huteleza. Ni "marapa wakongwe", kama madaktari wakongwe, hata kama jina limeanza na ma-. "Makongwe" yaachie magari na majengo.