Kidonda kisichofunga: spiriti ya kila asubuhi ndiyo iliyonichelewesha

Mleta uzi ameuliza kwa nini kidonda cha mguu wa baba yake hakifungi, ilhali kila asubuhi humwagiwa spiriti ili wadudu wote wafe. Ninajibu kwa kuwa nami nilifanya hivyo kwa wiki tano, baada ya kuchanwa muundi na ubao wa mtumbwi katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Nilibandua kigaga, nikamimina spiriti, kisha haidrojeni peroksaidi, na povu lilipofoka niliamini kwamba dawa inafanya kazi. Muuguzi aliyekiona kidonda alinikataza yote hayo, akanipima sukari, akaniagiza nikioshe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, kisha nikifunike kwa shashi safi.

Mtu anapojeruhiwa, chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili hufika ndani ya saa chache, zikameza bakteria na kumwaga kemikali kali ambazo huunguza hata nyama ya mwenyewe. Siku mbili tatu baadaye huja makrofaji, chembe nyingine za kinga, ambazo kwanza huzoa mabaki, kisha hubadili kazi na kuziita seli zinazojenga nyama mpya. Kidonda sugu mara nyingi hukwama kabla ya badiliko hilo. Spiriti huua bakteria, lakini huua pia seli changa. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nikijijeruhi upya.

Tena si bakteria wote wa ngozi walio maadui. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba, katika panya, stafilokokasi epidamidisi, ambaye anaishi kwenye ngozi ya kila mmoja wetu, huamsha chembe za kinga zinazoharakisha kufunga kwa jeraha. Nisieleweke kwamba uchafu ni tiba: ndugu yake, stafilokokasi aureusi, akipenya ndani huleta usaha, na hujifunika kwa utando wa ute ambao dawa hupenya kwa shida. Ndiyo maana unga wa kapsuli za dawa ya kuua bakteria unaonyunyizwa juu ya kidonda, desturi iliyozoeleka mno mitaani kwetu, hausaidii.

Sukari yangu ilikuwa sawa, na kidonda kilifunga baada ya wiki tatu. Baba yako huenda asiwe hivyo, kwani sukari ikipanda chembe nyeupe hulegea na makrofaji hubaki vitani. Apimwe wiki hii. Akipata homa, ganzi ya nyayo au wekundu unaopanda mguuni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.