Nyungunyungu wa Kasenga wamekufa kwangu: ni shaba au ni vijidudu vya tumboni?

SWALI: Mwalimu, jambo. Ndugu yangu alinipatia ndoo ya nyungunyungu toka shamba lake, njia ya Kasenga. Nikawamwaga kwenye bustani yangu ya lengalenga (mchicha) hapa Lubumbashi, upande ule ambako moshi wa kiwanda ulikuwa unaelekea. Siku chache tu, wengine wamekufa juu ya udongo, wengine siwaoni tena. Mtoto wangu anayesoma biolojia anasema shaba imeua vijidudu vya tumboni mwao. Ni kweli?
Mama wa lengalenga, Lubumbashi

JIBU: Mama, mtoto ameshika mkia akaacha kichwa. Shaba huanza na nyungunyungu mwenyewe. Anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo ni laini na mbichi siku zote, kwa hiyo kilichoyeyuka kwenye maji ya udongo kinampenya. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza 1911. Upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, basi vumbi lake likawa linatua kaskazini-magharibi miaka nenda miaka rudi: shaba, zinki, risasi, na kadmiamu, metali yenye sumu. Hata nyungunyungu mkubwa akivumilia, hutaga vifuko vichache vya mayai, na ukoo unakatika.

Sasa tumbo. Bakteria wengi waliomo ni wageni walioingia na udongo aliomeza. Humo ndani hakuna oksijeni, kuna maji na ute wenye sukari, na pH (kipimo cha uchachu) hukaribia 7, yaani si uchachu, hata udongo wa nje ukiwa mchachu. Waliokuwa wamelala udongoni wanaamka. Wengine wanapumua nitrati badala ya oksijeni na kutoa gesi ya nitrasi oksidi. Ukibadilisha udongo, umebadilisha wageni. Shaba inaua bakteria dhaifu na kuacha wanaoistahimili, kwa hiyo tumbo halibaki tupu, linapata wakazi wengine.

Lakini si wote wanaoletwa na udongo. Bakteria waitwao Verminephrobacter hukaa kwenye mirija ya nyungunyungu ya kutolea mkojo, na mama huwarithisha watoto wake ndani ya kifuko cha mayai.

Kuna pia Monocystis, kimelea cha seli moja, na huyu mtoto wako amtafute mwenyewe. Ampasue nyungunyungu mkubwa upande wa kichwa, atoe vile vifuko vyeupe vya mbegu za kiume, aponde kidogo ndani ya tone la maji juu ya kioo. Mara nyingi ataona viputo vya mviringo, na ndani vimesongamana vijimbegu vyenye ncha huku na huku, kama mitumbwi midogo. Hivyo hurudi udongoni vikasubiri kumezwa na nyungunyungu mwingine.

Usilete ndoo nyingine kwanza. Udongo mchachu huyeyusha shaba zaidi, basi changanya chokaa na mboji nyingi, uache mvua zipite. Shaba haitaondoka, itashikwa tu. Halafu jaza udongo huo kwenye beseni, weka nyungunyungu wachache, uangalie kama wanachimba kuingia au wanapanda ukingoni kutoroka.

Mimi lengalenga zako ndizo zinanipa wasiwasi kuliko nyungunyungu. Kadmiamu hupanda hadi kwenye majani, na kuosha hakuitoi. Kaulize kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kama wanaweza kukupimia udongo na majani. Kabla ya hapo, usiwalishe watoto mboga za bustani hiyo.