Jibu: Katika msiba wa familia ya Kichina, nani huamua ibada?

Mwenzetu ameuliza iwapo Wachina wana mila moja ya mazishi, kwa kuwa bosi wake, Mchina wa Singapore, amefiwa na mama, na yeye anatakiwa kwenda kuhani huko. Nilipanga chumba kwa familia ya Wahokkien (Wachina wenye asili ya Fujian, kusini mwa China) mjini humo kwa miaka mitatu, na bibi wa nyumba ile alifariki nikiwepo, kwa hiyo najibu kwa niliyoyaona.

Mila si moja, na mara nyingi hata ndani ya nyumba moja watu hawaafikiani. Marehemu alifuata desturi za Kitao, dini ya jadi ya Kichina. Mwanawe wa kwanza alitaka makuhani wa Kitao, ngoma na nyumba ya karatasi ya kuteketezwa ili marehemu aipate huko aendako, ilhali binti yake, aliyekwisha kuwa Mkristo, alisema hatashika udi. Walibishana kwa sauti ya chini hadi usiku wa manane, wakaishia kuwaita watawa wa Kibuddha, ambao ibada yao waliiona nyepesi na isiyo na mambo mengi. Binti aliinama mbele ya picha ya mama yake, mikono mitupu, na hakuna aliyemsema. Nawe, kama imani yako hairuhusu udi, kuinama kunatosha.

Kuhusu kuzika au kuchoma, hapakuwa na mjadala. Tangu 1998 kaburi Singapore hutolewa kwa miaka 15 tu, kisha mabaki hufukuliwa. Ndiyo maana wengi huteketeza mwili, kama wao walivyofanya kule Mandai, penye matanuri ya kuchomea maiti.

Msiba ulikaa siku tano, kwani siku huwa za witiri, katika uwazi ulio chini ya ghorofa la makazi. Wanaume walikesha wakicheza karata na kumenya karanga, nami sikushangaa, maana hata kwetu matangani bao halikosekani. Usivae nyekundu. Rambirambi hutiwa katika bahasha nyeupe, dola 30, 50 au 70, na mgeni hupewa uzi mwekundu wa kumkinga na nuksi, ambao huutupa kabla hajaingia kwake. Mimi nilikosea wakati wa kuondoka: nilimpa mkono yule binti na kumwambia kwaheri, akageuza uso, maana pale mtu huondoka kimya, na wafiwa hawamsindikizi.