Kubeba fanicha za maboksi kwa gari dogo: kwa wanaoanza kazi ya kupeleka mizigo

Kabati la nguo likiwa vipande ndani ya maboksi huonekana jepesi kwa sababu ni jembamba. Usidanganyike. Ubao mmoja wa chipbodi (chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) wa milimita 16, urefu mita 2 na upana sentimita 60, una kilo 13 hivi. Kabati la milango mitatu linaweza kuzidi kilo 100, wakati paa la gari dogo kwa kawaida hubeba kilo 50 hadi 75 tu, keria yenyewe ikiwemo. Soma uzito ulioandikwa kwenye kila boksi, jumlisha, kisha linganisha na kitabu cha gari.

Kinachoweza kuingia ndani kiingie ndani. Pima kwa tepu kuanzia mgongo wa siti ya mbele hadi mlango wa buti ukiwa umefungwa, siti za nyuma zikiwa zimelazwa. Boksi zito kuliko yote likae chini kabisa, ligote kwenye siti ya mbele. Hapa wageni wengi wa kazi hukosea: wanafunga kamba vizuri lakini wanaacha uwazi wa sentimita 20 mbele ya mzigo. Ukikanyaga breki ghafla, boksi linapata mwendo ndani ya uwazi huo kabla ya kugonga. Kwenye ajali ya kilomita 50 kwa saa, boksi la kilo 20 linaweza kugonga kama mzigo wa nusu tani. Kwa hiyo jaza uwazi kwanza, kwa blanketi au mto mgumu, ndipo ukaze kamba. Boksi refu likipitia siti ya abiria ya mbele, lisiegemee dashibodi, maana eabegi (mfuko wa hewa wa usalama) ikifumuka italisukuma kwa dereva. Na asikae mtu yeyote kwenye njia ya mzigo.

Usiendeshe buti likiwa wazi. Moshi wa ekzosi huvutwa ndani, na sumu yake haina harufu.

Kwa mzigo wa juu, mipira ya tyubu haitoshi. Mpira hunyooka: upepo ukiinua ncha ya boksi, mpira unairuhusu. Tumia mikanda ya kukazia kwa ratchet (kikazio chenye meno kisichorudi nyuma), angalau miwili ya kukatisha, kisha kamba ya tatu kutoka ncha ya mbele ya mzigo hadi kwenye ndoano ya kuvutia gari, iwe na umbo la V. Hiyo ya mbele ndiyo inayozuia upepo kuinua ncha ya boksi. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 80, nguvu ya upepo huwa mara nne, si mara mbili, kwa hiyo nenda polepole hata kama barabara ni tupu. Pindua mkanda mara moja kabla ya kukaza, ndipo mkanda wenyewe utaacha kupiga kelele na kujilegeza.

Maboksi ya mbao ndefu yasikae moja kwa moja juu ya vyuma viwili vya keria. Katikati hakuna kinachoyashika, na kwenye matuta ubao hukatikia palepale penye matundu ya skrubu. Tandika mbao mbili nene za kupitia kutoka chuma hadi chuma. Kila pembe ambako mkanda unapita, weka karatasi ngumu iliyokunjwa mara mbili, la sivyo mkanda utabonyeza ukingo na mteja ataona kovu hilo kila siku. Baada ya dakika 10 simama ukaze upya, kwa sababu karatasi ya boksi hubonyea na mkanda hulegea.

Vioo visafiri vimesimama kwa ukingo, kamwe visilazwe. Pakiti ya skrubu na vigingi ihesabiwe dukani kwa kufuata orodha, kisha ikae mbele na dereva.

Mvua ndiyo hasara kubwa zaidi. Chipbodi ikinywa maji ukingoni huvimba, na ikishavimba hairudi. Turubai lifunike pande zote na lifungwe kwa kamba yake peke yake, lisibanwe tu chini ya mikanda. Mikanda ikipitia milangoni, jua kwamba maji huifuata hadi ndani ya gari. Boksi likilowa njiani, ukifika lifungue hapohapo, toa karatasi yote, futa mbao, uzisimamishe zikaukie kivulini. Jua kali hupindisha ubao upande mmoja.